Kabla ya Kidevu, Uliza Dawa ya Kuyeyushia

Anayetaka kuongezewa kidevu kwa sindano kwa kawaida huwa na maswali matatu: ni bei gani, inauma kiasi gani, na itakaa muda gani. Ni maswali ya haki, na kliniki za urembo zimeyazoea kiasi kwamba majibu yake hubandikwa Instagram pamoja na picha za wateja. Swali la nne ndilo linalosahaulika. Sindano ikienda mrama, nani ataniokoa, kwa dawa gani, na dawa hiyo iko wapi sasa hivi? Hoja yangu ni kwamba swali hilo liulizwe kabla ya yote, hata kabla ya bei, na kwamba jibu lake pekee linatosha kumtenganisha mtu wa kumkabidhi uso wako na mtu wa kumkimbia. Siandiki kumkataza yeyote. Uso ni wa mwenyewe, na sababu za kutaka kuurekebisha ni zake. Ninachoomba ni kwamba anayeamua aamue akijua anachokinunua.

Tuanze na kitu chenyewe, maana mazungumzo mengi huchanganya vitu viwili. Botox ni dawa ya kulegeza misuli. Hutumika kwenye mikunjo inayotokana na kukunja uso, na nguvu yake huisha baada ya miezi kadhaa. Fila ni kitu kingine. Ni jeli nzito inayosukumwa chini ya ngozi, au juu kabisa ya mfupa, ili kujaza nafasi na kuinua umbo. Aina inayotumika zaidi hutengenezwa kwa asidi ya hailuroniki, ambayo Karl Meyer na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, waliitenga mwaka 1934 kutoka kwenye jicho la ng'ombe. Miilini mwetu imo pia, kwenye ngozi, machoni na katika majimaji yanayolainisha magoti. Mtu mzima wa kilo 70 anakadiriwa kuwa nayo gramu 15 hivi, na karibu theluthi yake huvunjwa na kutengenezwa upya kila siku. Ndiyo maana ile ya kiwandani hufungwa kwa kemikali ili nyuzi zake zishikamane. Bila hivyo mwili ungeimaliza mapema mno. Marekani iliidhinisha fila ya namna hiyo kwa mara ya kwanza Desemba 2003, kwa jina la Restylane, kwa ajili ya mikunjo ya kando ya pua na mdomo. Ruhusa ya kuinulia kidevu ilichelewa sana. Ilitolewa Juni 2020 kwa fila iitwayo Juvéderm Voluma, tena kwa watu waliokwisha kuvuka miaka 21. Zipo pia fila za kalsiamu, kama Radiesse, na za asidi ya polilaktiki, kama Sculptra. Tofauti kati ya makundi haya si ya bei tu, na nitairudia, kwa sababu uhai wa ngozi yako unaweza kuitegemea.

Kidevu kimependwa kwa sababu ya kueleweka. Ndicho kinachobeba sura ya ubavu. Kikiwa nyuma, pua huonekana ndefu kuliko ilivyo, na taya huonekana kama limeungana na shingo. Bomba moja la fila lina mililita 1, yaani moja ya tano ya kijiko cha chai, na mabomba machache yakiwekwa vizuri juu ya mfupa yanaweza kubadili sura hiyo bila kisu. Anayesema fila ni ulaghai mtupu hasemi kweli. Hata hivyo, kabla hujakubali kwamba una kidevu kidogo, chunguza ni nani aliyekuambia hivyo. Mwaka 2018 Boris Paskhover na wenzake nchini Marekani walichapisha hesabu zinazoonyesha kuwa selfi ya umbali wa sentimita 30 huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko picha iliyopigwa kutoka mita moja na nusu. Kilicho karibu na kamera hukua, kilicho nyuma yake hupungua, na kidevu kimo katika vile vya nyuma. Kwa hiyo mpe mtu simu, asimame hatua tatu au nne kutoka ulipo, akupige picha ya ubavu ukiwa umefumba mdomo bila kuukaza. Ile ndiyo sura wanayoiona watu. Kisha angalia meno yako. Kama ya juu yameyapita sana ya chini, huenda taya lote la chini liko nyuma, na wa kwanza kukuona anapaswa kuwa daktari wa meno anayeshughulikia mpangilio wa meno na taya, hasa kama bado u kijana. Fila italificha pengo hilo kwa nje, lakini kutafuna kwako kutabaki kulekule.

Hatari yenyewe inatoka kwenye mishipa ya damu. Uso una mishipa mingi, wala haipiti mahali pale pale kwa kila mtu. Ncha ya sindano ikiingia ndani ya ateri, jeli husafiri na damu hadi pale mshipa unapokuwa mwembamba, ikaziba, na ngozi iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa. Kuna njia nyingine iliyo mbaya zaidi. Mishipa ya paji la uso, ya kati ya nyusi na ya pua imeungana na ateri ya jicho. Mkono ukisukuma bomba kwa nguvu inayozidi msukumo wa damu, jeli hurudi nyuma kinyume cha mkondo, ikifika kwenye ateri hiyo. Mkono ukiachia, damu huisukuma mbele tena, safari hii kuelekea retina. Mwaka 2015 Katie Beleznay na wenzake walikusanya visa 98 vilivyochapishwa duniani vya kuona kuharibika baada ya sindano za kujaza uso, na mwaka 2019 wakaongeza vingine 48. Maeneo yaliyoongoza mwaka 2015 yalikuwa kati ya nyusi, puani, mikunjo ya kando ya pua na paji la uso.

Kidevu hakimo katika maeneo hayo manne, na hilo ni la kushukuru, ila lisikulaze usingizi. Chini ya taya hupanda matawi ya ateri ya uso yanayolisha kidevu, na baadhi yake yameungana na mishipa ya sakafu ya mdomo na ya ulimi. Kuna watu walioumia ulimi kwa sindano iliyochomwa kidevuni. Tena mara nyingi mteja haachiwi atoke na kidevu peke yake. Huambiwa, akiwa bado kitini, kwamba kidevu kipya kinadai pua iinuliwe kidogo ili sura ilingane. Kwa sentensi hiyo moja amehamishwa kutoka eneo la hatari ndogo hadi eneo la hatari kubwa, kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Ukiambiwa hivyo, kataa siku hiyo. Pua yako itakuwepo mwezi ujao.

Kuna jambo linalomhusu msomaji wa Kiafrika hasa. Dalili ya kwanza ya mshipa kuziba inayofundishwa ni ngozi kugeuka nyeupe, kisha kupata michirizi ya zambarau mfano wa wavu. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo huonekana kama ukijivu hafifu au hauonekani kabisa, na wavu ule humezwa na rangi. Mchomaji aliyejifunza kwa picha za nyuso nyeupe peke yake anaweza kuitazama ngozi inayokufa na kumwambia mteja ni vilio la damu la kawaida. Jifunze basi kupima mwenyewe. Bonyeza ngozi kwa kidole kwa sekunde chache, achia, kisha tazama rangi inavyorudi, na ulinganishe na upande wa pili wa uso. Ikichelewa kupita sekunde mbili au tatu, mwambie aliyekuchoma pale pale. Pindua mdomo wa chini utazame ndani yake na ufizi, maana huko mabadiliko huonekana kwa kila rangi ya mtu. Gusa uone kama sehemu hiyo ni baridi kuliko jirani yake. Maumivu makali yanayozidi badala ya kupungua ni dalili kubwa, lakini fila nyingi huchanganywa na ganzi, kwa hiyo maumivu yanaweza kusubiri hadi umefika nyumbani. Kwa mwanamume mwenye ndevu nzito hata kijivu hakitaonekana. Yeye ategemee maumivu, ubaridi na ndani ya mdomo.

Hapo ndipo swali la nne linapopata uzito wake. Asidi ya hailuroniki ina kimeng'enya chake kinachoivunja, kiitwacho hailuronidezi, nacho hutengenezwa kama dawa ya sindano. Mshipa ukiziba, dawa hiyo huchomwa katika eneo lote lililokosa damu, na kurudiwa, pengine kila saa, mpaka damu irudi. Ikiwahi, ngozi mara nyingi hupona. Kichupa kimoja kilichowekwa kabatini kwa maonyesho hakitoshi. Uliza viko vingapi na vinaisha muda lini. Baadhi ya aina zake hutaka friji, na katika miji yetu ambako umeme hukatika una haki ya kuuliza friji hiyo hufanyaje ukikatika. Si utovu wa adabu. Mtaalamu anayeijua kazi yake atakuonyesha dawa, atakueleza atakavyoitumia, na atakupa namba ya simu inayopokewa usiku. Asiyejua atakujibu kwamba kwake haijawahi kutokea. Jibu hilo, hata likiwa la kweli, halina dawa ndani yake.

Na dawa hiyo huyeyusha asidi ya hailuroniki tu. Fila ya kalsiamu haiyeyuki kwayo, ya polilaktiki haiyeyuki, silikoni haiyeyuki. Kwa sababu hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni mmoja, hata akishawishiwa kwamba nyingine hudumu zaidi: usikubali chochote kisicho asidi ya hailuroniki. Kudumu ni sifa njema ya paa la nyumba; usoni, kitu kinachodumu huharibika pamoja nawe na hakitoki. Silikoni ya maji haijawahi kuidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, kwa kujaza uso wala mwili, kwa kuwa husafiri kutoka ilipowekwa na inaweza kuleta manundu baada ya miaka, ambayo pengine hayaondoki ila kwa kisu. Oktoba 2021 mamlaka hiyo hiyo ilionya dhidi ya zile kalamu zinazosukuma fila kwa shinikizo bila sindano. Kukosa sindano kumezifanya zionekane salama, hata watu wakazinunua mtandaoni kujichoma wenyewe, ilhali hazimpi mtumiaji uwezo wa kujua jeli imefika kina gani. Kwa upande wa jicho niseme bila kupamba: retina ikikosa damu, muda wake huhesabiwa kwa dakika, na hata hailuronidezi mara nyingi hushindwa kuurudisha uwezo wa kuona. Hapo kinga ndiyo tiba, na kinga ni kuyaacha maeneo ya kati ya nyusi na pua isipokuwa mikononi mwa daktari bingwa.

Wapo watakaosema kwamba wanawajua watu wengi waliochomwa na hawakupata neno. Ni kweli, na nisingependa kumtisha mtu kwa kuficha ukweli huo: ajali ya mshipa ni nadra. Lakini abiria wengi wa bodaboda pia hufika salama bila kofia ngumu, na hatuichukulii hiyo kuwa sababu ya kuiacha. Unadra wa ajali unapunguza uwezekano wa kukupata wewe. Haupunguzi ukubwa wake ikikupata, wala haumfundishi mchomaji la kufanya. Tena unamlaza. Aliyechoma nyuso nyingi bila ajali anaweza kuwa hajawahi kuifungua dawa ya kuyeyushia hata mara moja.

Wengine husema asidi hii ni ya mwilini, kwa hiyo haina madhara. Damu nayo ni ya mwilini, lakini ikiganda ndani ya mshipa wa ubongo humpooza mtu. Kitu kikiwa mahali pasipo pake hakiulizwi asili yake. Mbali na hilo, jeli ya bomba si sawa na ile ya mwilini, kwani imefungwa isivunjike upesi. Madai kwamba huisha yenyewe baada ya miezi sita au mwaka nayo yanahitaji kupunguzwa. Kuanzia 2021 picha za MRI zilizochapishwa na madaktari wa Australia zimeonyesha fila ikiwa bado imo usoni mwa watu zaidi ya miaka miwili baada ya sindano ya mwisho. Kinachopungua haraka ni umbo unaoliona kwenye kioo. Anayerudi kila mwaka kuongeza, kwa kuamini ya mwaka jana imekwisha, huenda anajaza juu ya iliyojaa, na ndiyo njia mojawapo ya kupata zile nyuso zilizovimba ambazo hakuna aliyezikusudia.

Hoja ngumu zaidi ni ya fedha. Daktari wa ngozi au wa upasuaji wa urembo ni ghali, na saluni yuko mtu mwenye mkono mwepesi anayetoza kidogo. Naielewa hoja hii, kwa kuwa pengo la bei ni kubwa na madaktari hao ni wachache Afrika Mashariki. Lakini tazama bei hiyo ndogo imepunguzwa wapi. Imepunguzwa kwenye bomba lisilo na kisanduku chake, kwenye usafi, na kwenye dawa ya kuokolea, ambayo mtu asiye tabibu kwa kawaida hana njia halali ya kuipata wala hajui kipimo chake. Ukiona huwezi kulipia fila pamoja na uokoaji, basi hujaweza kulipia fila. Subiri. Kidevu si jino linalouma. Hakuna kitakachoharibika ukikusanya fedha mwaka mzima. Na anayekwenda Dubai au Istanbul kwa bei nafuu ajiulize atampigia nani uvimbe ukija wiki ya sita, akiwa amekwisha kurudi Zanzibar au Nairobi. Nchi kubwa peke yake si dhamana. Mwaka 2013 tathmini iliyoongozwa na Bruce Keogh ilikuta Uingereza yenyewe ikiwaacha watu wachomwe fila karibu bila ulinzi wa kisheria, na katazo la kuwachoma walio chini ya miaka 18 kwa ajili ya urembo lilianza kutumika England Oktoba 2021.

Hoja inayonihuzunisha ni ile isemayo kwamba aliyeumia amejitakia. Kwanza si kila fila ni anasa. Sculptra iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa watu wenye VVU waliokuwa wamebonyea mashavu, ambao nyuso zao zilitangaza hali yao barabarani kabla hawajafungua kinywa. Wapo walioachwa na mabonde usoni na ajali. Na hata ikiwa ni urembo mtupu, lawama hizo zina matokeo yanayopimika kwa saa: zinamfanya aliyeumia ajifungie chumbani na barafu, akisubiri aibu ipite, wakati saa za kuokoa ngozi yake zinapita. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tunaomcheka ndio tunaomfundisha kuficha. Ndugu wa nyumbani wana wajibu zaidi hapa kuliko kliniki. Dada yako akikuonyesha uso unaouma, mpeleke kwanza. Maneno mengine yatasubiri.

Kwa aliyekwisha kuamua, basi, aanze na mtu. Tanzania Bara, jina la daktari linaweza kutafutwa katika orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya katika ile ya baraza la madaktari la huko, KMPDC. Cheti cha kozi ya siku mbili kilichotundikwa ukutani hakichukui nafasi ya usajili. Bidhaa yenyewe iko chini ya mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, kwa Tanzania Bara na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, kwa hiyo uliza kama imesajiliwa. Kisanduku kifunguliwe mbele yako kikiwa na lakiri yake, na stika yenye namba ya toleo uondoke nayo. Mweleze daktari kama makovu yako huwa yanavimba kuwa keloidi, kama hupata malengelenge ya mdomoni, kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, kama uliwahi kudhurika vibaya na sumu ya nyuki, maana hilo huhusu hailuronidezi pia. Mwenye mimba au anayenyonyesha aahirishe. Mwenye jino bovu atibiwe kwanza, yapite majuma mawili, ndipo aje. Anza na kiasi kidogo kuliko unachokitaka. Kuongeza ni rahisi, na uvimbe wa wiki mbili za mwanzo hudanganya macho. Usiende siku moja kabla ya harusi, wala siku moja kabla ya safari.

Na ikitokea kwamba baada ya sindano maumivu yanapanda, ngozi imekuwa baridi au imebadilika rangi, mpigie aliyekuchoma wakati huo huo, usingoje asubuhi. Asipopokea, nenda hospitali kubwa iliyo karibu. Kama jicho limeingia giza, limeshindwa kufunguka au linauma ghafla, hata kwa dakika moja, usipige simu kliniki kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye hospitali yenye daktari wa macho. Chukua ile stika. Mwambie daktari wa zamu ulichomwa nini, wapi, saa ngapi, na mabomba mangapi, na umwambie yote bila kuona haya, kwa sababu hawezi kuyeyusha kitu asichoambiwa kuwa kipo.